Marehemu Aliyekuja Kudai Cherehani Yake

Tangu nikabidhi funguo za ghala la boma la Newala, mkono wangu wa kulia umekuwa mwepesi mno. Kila mara naupeleka kiunoni kupapasa, kama mtu anayewashwa. Mke wangu, Mama Zuhura, amechoka kuniona hivyo. "Baba Zuhura," ameniambia, "kama huna la kufungua, kaa chini uandike." Basi naandika, kwa ajili yenu vijana mliobaki mle ndani na buibui wangu. Habari za vyeo mtanisamehe. Nilipandishwa wakati wa Mdachi, nikashushwa alipoondoka, nikapandishwa tena alipoingia Mwingereza, na muda wote huo nilikalia kiti kile kile chenye mguu mfupi.

Nilianza kazi nikiwa kijana, vita vya Maji Maji vimetoka kupoa. Baba yangu alikuwa akiuza chumvi na nguo pale Masasi, na nyumbani kwetu tulisema Kiyao, Kimakua na Kiswahili, ikitegemea nani amekasirika. Lugha hizo ndizo zilizonipatia kazi. Bomani walikuwa na mkalimani mmoja tu, Mzee Omari, mtu wa Lindi, mwembamba kama ufito, mwenye kanzu isiyojikunja hata akiwa amelala. Kimakonde alikijua vizuri, lakini Kimakua kilimshinda. Alikuwa akisikiliza Wamakua kwa heshima zote, kisha anamwambia Mdachi yale aliyodhani watu wenye akili wangesema. Mambo yakaharibika, ikabidi nitafutwe mimi.

Siku yangu ya kwanza nusura iwe ya mwisho. Newala, kama mjuavyo, iko juu mlimani na maji yako chini bondeni, na wanawake huyapandisha kwa vichwa. Asubuhi ile mama mmoja mgeni akafika langoni na mtungi wake, akapaza sauti kutafuta mnunuzi: "Maji! Maji jamani!" Nadhani hakujua neno lile lilikuwa limewafanya nini askari wa boma mwaka uliopita. Bunduki zilishikwa, mlango ukafungwa, na shaushi, yaani mkubwa wa askari, akalala kifudifudi nyuma ya sufuria la ugali. Mimi niliruka chini ya meza, nikamkuta Mzee Omari amekwisha fika.

"Karibu," akaniambia, akinisogezea nafasi. "Somo la kwanza. Hapa tunasema 'ya kunywa'."

Somo la pili alinipa tukiwa bado chini ya meza, kwa kuwa mama wa watu alikuwa sasa anatukana ukoo mzima wa askari kwa Kimakua, na Mdachi anauliza kwa sauti anasema nini. "Tusi usilitafsiri kamwe," Mzee Omari akaninong'oneza. "Likitoka lugha moja kwenda nyingine linanenepa njiani. Sema tu: hakuridhika." Nikatoa kichwa nje ya meza nikasema, "Bwana, hakuridhika." Nikaajiriwa.

Mdachi mwenyewe alikuwa Bwana Shauri wetu, yaani mkuu wa boma. Watu walimwita Bwana Kanuni, kwa sababu kila ulilomwomba alijibu, "Kanuni inasemaje?" na jibu alikuwa nalo mwenyewe. Hakuwa mtu wa kiboko kama wengine niliowaona baadaye. Silaha yake ilikuwa kusubiri. Alikuwa mrefu, homa imemkausha, anasema Kiswahili kilichonyooka kama rula, na alipenda mambo yaishe kwa muhuri.

Pamoja na ukalimani nilipewa ghala la mali za marehemu. Utaratibu ulikuwa hivi: mtu akifa pasipo ndugu karibu, mpagazi njiani au mgeni kijijini, jumbe wa mahali pale huleta vitu vyake bomani. Vinakaa. Ndugu akijitokeza na mashahidi wawili, anapewa. Masika ikipita bila mtu kuja, vinapigwa mnada na serikali inachukua kilichopatikana. Baada ya vita ghala lilijaa mpaka mlangoni. Nyumba nyingi za Masasi na vijiji vya chini ziliachwa wazi, wenyewe wamekufa au wamekimbia, na askari walileta walichokikuta: vinu, mikeka, ngoma iliyopasuka, miavuli, viatu vya mguu wa kushoto bila vya kulia. Mrithi wa kwanza wa vitu vyote hivyo alikuwa mchwa, naye hakuhitaji shahidi.

Kesi zangu za mwanzo zilikuwa ndogo lakini ziliniumiza kichwa. Mpagazi mmoja alikufa akiacha kuku jike. Kabla ndugu zake hawajafika kutoka Tandahimba, kuku akaatamia, akaangua. Ndugu walipokuja walimkuta mama na ukoo wake. Bwana Kanuni akauliza: vifaranga vimekula mtama wa serikali, je, ni vya marehemu au vya serikali? Alifikiri siku nzima. Mwishowe aliamua kuku ni wa marehemu na vifaranga ni vya serikali, lakini vifaranga havikukubaliana na uamuzi ule, vikamfuata mama yao langoni na kupotelea njiani. Bwana alitazama, akasema, "Kanuni haisemi lolote kuhusu kukimbiza." Siku hiyo nilianza kumpenda kidogo.

Sasa niwaeleze habari ya Selemani Likwata, maana ndiyo mliyokuwa mkinichokoza niisimulie, na kila mtu anaisimulia kwa makosa.

Selemani alikuwa fundi wa nguo pale Masasi. Alikuwa na cherehani ya mkono, ya pekee upande ule, na alijivunia koti lake la kaki alilolishona mwenyewe, lenye mifuko iliyopinda kama midomo ya mtu aliyenuna. Masasi nzima walilijua koti lile. Vita vilipokaribia, watu walitawanyika. Mapigano yalipotulia, ikaokotwa maiti njiani kuelekea mto Ruvuma, uso hautambuliki, imevaa koti la mifuko iliyopinda. Basi jumbe akasema fundi amekufa, ndugu wakamzika, wakaomboleza, na cherehani, ambayo askari waliikuta nyumbani kwake, ikaletwa kwangu. Nikaiweka juu ya magogo, mbali na mchwa, kwa heshima ya marehemu. Mke hakuwa naye, waliachana zamani. Masika ikaja. Ikaanza kukatika. Hakuna aliyekuja, na Bwana Kanuni akatangaza mnada.

Asubuhi moja, wiki ya mnada, akaja mtu dirishani kwangu. Mfupi, mwenye mwanya mpana, amevaa shuka kuukuu.

"Shikamoo karani. Nimekuja kwa habari ya cherehani."

"Marahaba. Cherehani ya nani?"

"Ya Selemani Likwata."

"Wewe nani yake?"

Akatazama nyuma, kisha akainama dirishani. "Ni mimi mwenyewe."

"Selemani amekufa," nikamwambia.

"Nimesikia," akasema. "Niliposikia nilisikitika sana."

Nilimwita Mzee Omari. Yeye alimtazama yule mtu toka utosini mpaka vidoleni, akafunga mlango, na kumketisha juu ya kinu. Hapo ndipo Selemani alipotueleza. Siku ya kukimbia alikutana na mpagazi mmoja aliyeijua njia ya mtoni. Alimpa koti lake ili amwonyeshe. Walifuatana mpaka milio ya bunduki ilipowatenganisha, Selemani akavuka kwenda upande wa Wareno, yule mwingine hakuonekana tena. Huko ng'ambo alifanya vibarua vya kulima na kula ming'oko, vile viazi vya porini, mpaka aliposikia kwa wasafiri kwamba cherehani yake inauzwa.

"Basi nitakwenda kwa Bwana Shauri nimwambie niko hai," akasema.

"Kaa chini," Mzee Omari akamwambia. Alionyesha kwa kidevu uani, kupitia dirishani, ambako shaushi alikuwa akipitisha mnyororo wa wafungwa waendao kuchimba barabara. "Wale wote walikuwa hai. Kila mmoja aliulizwa: kama hukunywa dawa ya waasi, kwa nini ulikimbia? Wewe utajibu nini?"

Selemani akafikiri. "Nitasema niliogopa."

"Ndivyo walivyosema wao."

Hata hivyo nilikwenda kumpima Bwana Kanuni, bila kutaja jina. Nilimuuliza: ikiwa mtu aliyedhaniwa amekufa akija kudai mali yake, kanuni inasemaje? Bwana aliweka kalamu chini kwa furaha. Alipenda maswali ya namna ile. "Mali za marehemu hupewa mrithi," akasema. "Mtu hawezi kujirithi. Kwanza lazima athibitishe kwamba yeye si marehemu. Hilo ni shauri la Lindi. Huko kwa wakubwa wa Lindi itachukua muda. Na shaushi atataka kujua alikuwa wapi." Akanitazama kidogo, kisha akachukua kalamu yake. "Mrithi ni rahisi zaidi. Hakuna mrithi?"

Alikuwapo. Selemani alikuwa na dada yake mkubwa, Somoe, Mama Esha, aliyeolewa upande wa Lulindi. Kwa Wamakua mali ya mtu hufuata tumbo la mama, kwa hiyo hata Selemani angekuwa na watoto dazeni, Somoe angekuwa mbele yao. Tulimtumia mjumbe aje na mashahidi wawili kudai cherehani ya ndugu yake. Kuhusu ndugu mwenyewe, Mzee Omari alimwagiza mjumbe aseme taratibu, amwandae mama wa watu. Mjumbe akasahau kutaratibu. Alifika akapaza sauti toka njiani: "Mama Esha, ndugu yako amefufuka na anataka cherehani!"

Somoe alipofika bomani alikuwa amevaa kaniki, na nywele zake zilikuwa bado fupi za msiba. Alifuatana na mzee mmoja aliyechimba lile kaburi. Shahidi wa pili alikuwa ameshikwa na homa mlimani, wakamwacha kwenye kibanda cha watu. Selemani alikuwa amejibanza pembeni mwa ghala. Alipomwona dada yake alitoka, akapiga goti.

"Shikamoo dada."

Somoe alimkaribia. Alimfinya shavu kwa nguvu, akalivuta, akaliachia. Aliporidhika kwamba ni nyama, akamgeuzia mgongo na kuniambia mimi, kwa Kimakua, "Karani, mimi salamu za maiti siitikii. Tuingie ndani."

Shauri lilikaliwa barazani. Bwana Kanuni nyuma ya meza, mimi upande huu, Mzee Omari upande ule, shaushi mlangoni na kiboko chake. Watu wa mnada walikuwa wameanza kukusanyika uani, na mfanyabiashara mmoja alikuwa amekwisha kuja na mtu wa kubeba.

Mambo ya urithi yalipita haraka. Mzee mchimba kaburi akashuhudia kwamba alimzika mtu aliyevaa koti la Selemani, kaburi lilikuwa na mawe, na mgongo unamuuma mpaka leo. Bwana akaandika.

"Shahidi wa pili."

Nikaeleza habari ya homa.

"Kanuni inataka wawili," akasema. "Hakuna wa pili, hakuna mali. Mnada uendelee."

Somoe alipotafsiriwa hayo alishika magoti yake. Ametembea njia yote ile, amepanda mlima wote ule, kwa ajili ya kitu cha ndugu yake. Yule mfanyabiashara akamwashiria mtu wake aje karibu.

Hapo sauti ikatoka nyuma. "Mimi, Bwana. Mimi ni shahidi."

Alikuwa Selemani. Mzee Omari alifumba macho kama mtu anayeona mtungi ukianguka. Shaushi akageuka.

"Jina?" Bwana akauliza.

"Bakari, Bwana."

"Ulimjua marehemu?"

"Tangu utotoni. Tulikuwa hatuachani."

"Amekufa?"

Selemani akamtazama Somoe. "Bwana, watu wote wanasema hivyo, hata dada yake. Mimi ni nani nibishane nao?"

Bwana Kanuni aliandika polepole sana. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Swali hilo halimo katika kanuni yoyote niijuayo. Nadhani lilimponyoka. Selemani naye, badala ya kujibu kwa ufupi, akaona amepata nafasi ambayo wafu wengi hawaipati. "Fundi hodari, Bwana. Mkono mwepesi. Mpole, mkarimu, mwenye huruma kwa jamaa zake—"

Somoe akalipuka. Alisimama, akanena kwa Kimakua bila kuvuta pumzi, kidole kimoja kikimwelekea shahidi na kingine juu mbinguni, na yule mzee mchimba kaburi akavuta kigoda chake nyuma.

"Anasema nini?" Bwana akaniuliza.

"Hakuridhika, Bwana."

"Maneno yote yale?"

"Hakuridhika sana, Bwana."

"Karani. Yote."

Nikamtazama Mzee Omari. Akainua mabega. Basi nikatafsiri, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikupunguza wala kuongeza.

"Anasema marehemu alikuwa mwoga na mwenye kujipenda. Anasema siku ya vita marehemu alipita nyuma ya nyumba ya dada yake pale Lulindi, jirani alimwona, na hakubisha hodi. Hakusema 'dada, twende', wala 'dada, kwa heri'. Anasema alimlilia mpaka sauti ikakauka. Alinyoa nywele. Alichinja mbuzi wake wote kwa ajili ya matanga, na watu wakala, wakasema wameshiba, wakaenda zao. Anasema kama marehemu angekuwa hapa angemtwanga kwa mchi."

Selemani alikuwa ameinamisha kichwa, na machozi yalikuwa yakimdondoka chini, mbele ya watu.

"Ni kweli, Bwana," akasema. "Marehemu alifanya vibaya. Alifika mpaka uani kwake. Aliogopa kwamba akimwona dada yake miguu itakataa kwenda. Nilivyomjua mimi, kama angepata nafasi, angemwomba radhi."

Nikatafsiri. Somoe akajifuta uso kwa ncha ya kaniki, akakaa.

"Mwambie shahidi," akaniambia, "amwambie marehemu kwamba nimesikia."

Bwana Kanuni alimtazama Somoe, akamtazama Selemani. Mwanya ni ule ule. Masikio ni yale yale. Hata namna ya kupenga makamasi ilikuwa moja. Shaushi akasogea mezani. "Bwana, huyu shahidi simjui. Aulizwe alikuwa wapi wakati wa vita."

"Mtu aliulizwa habari za marehemu, amejibu," Bwana akasema. "Wawili wametimia." Akapiga muhuri kwa nguvu mpaka wino ukaturukia.

Nilifungua ghala, nikaitoa cherehani. Gurudumu lilizunguka vizuri. Kibao cha chini tu ndicho mchwa walikuwa wamekionja pembeni, pamoja na magogo yangu yote. Somoe aliipokea, akajitwisha kichwani, akashika njia kuelekea langoni bila kumngojea mtu. Selemani akamfuata nyuma. Nami nikawafuata, nikijisemea kwamba ni lazima nihakikishe mali ya serikali imetoka salama.

Nje ya lango alisimama.

"Yule niliyemzika," akasema, safari hii kwa Kiswahili, mgongo bado umemwelekea ndugu yake. "Ni nani?"

"Mpagazi, dada. Alinionyesha njia. Jina lake sikumuuliza."

Somoe akaishika cherehani vizuri kichwani. "Na huko kwao hawajui."

"Hawajui."

"Basi atabaki ndugu yangu. Nimekwisha mlilia, siwezi kuyarudisha." Akashusha cherehani kutoka kichwani, akageuka, akamtazama Selemani usoni kwa mara ya kwanza tangu amfinye. Selemani alikuwa amesimama hajui mikono aiweke wapi.

"Marahaba," Somoe akasema.

Kisha akamtwisha cherehani, wakaanza kushuka.

Niliporudi barazani nilimkuta Bwana Kanuni amesimama dirishani, mikono nyuma. Mnada ulikuwa umeanza na mfanyabiashara alikuwa akinunua miavuli kwa hasira.

"Karani," akasema bila kugeuka, "huyo marehemu alikuwa akishona suruali?"

"Alikuwa akishona, Bwana."

Akashika kiuno cha suruali yake, ambayo tangu homa ilikuwa inamwanguka na ameifunga kwa kamba ya mzigo. "Mkimbilie shahidi. Muulize kama anaweza kunipunguzia hii."

Nilikimbia. Niliwakuta kwenye kona ya kwanza ya mteremko, Selemani mbele na mzigo wake, Somoe nyuma akimhesabia nani amekufa, nani amezaa, nani amehama, na Selemani akiitikia "ehe, ehe" kila jina. Nikampa ujumbe wa Bwana.

Alinisikiliza kwa adabu, cherehani kichwani.

"Mwambie Bwana namheshimu sana," akasema, "lakini suruali ailete yeye Masasi. Mimi bomani siingii tena. Nimetoka mara hii kwa bahati tu. Nikirudi, watanizika sawasawa."